Dawa iliyomfanya 'Malikeleli aogope maji

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, eneo la viwanda la Maputsoe, nchini Lesotho. Barafu bado imegandia nyasi za kando ya uzio, na wanawake wanaelekea getini wamejifunika mablanketi hadi masikioni. 'Malikeleli Phakoe anasimama pembeni, anatoa chupa ya maji kwenye mkoba, anakunywa mpaka kwenye mstari alioupiga kwa kalamu, anafunika.

"'M'e, hiyo ni gongo au ni maji?" mwenzake mmoja anamtania, akimwita mama kwa Kisotho. "Mbona unakunja uso hivyo?"

"Ni maji, dada. Ungekuwa na kibofu changu ungekunja na miguu."

Wanawake wanacheka, wanapita. Yeye anabaki kidogo, mkono juu ya tumbo, kama mtu anayesikiliza kitu mlango wa pili. Kisha anakwenda kwenye choo cha nje, anatoka, anaingia kazini.

Ana umri wa miaka hamsini na moja. Kwa miaka kumi na tisa ameshona mifuko ya nyuma ya suruali za jinzi, mfuko wa kulia tu, katika laini ya mashine namba kumi na nne. Wa kushoto anaushona mtu mwingine. Kwa saa moja anatakiwa atoe mifuko sabini. Ameomba jina la kiwanda lisitajwe, maana bado anakihitaji.

Laini yake ina watu arobaini na sita na kadi moja ya choo. Ni kipande cha plastiki chekundu kinachoning'inia kwenye msumari karibu na meza ya msimamizi. Kadi ikiwapo, unaichukua, unakwenda, unarudi ndani ya dakika saba. Isipokuwapo, unangoja.

"Nilipokuwa kijana sikuwahi kuiona ile kadi," anasema. "Nilijua ipo, lakini macho yangu hayakuwa na shida nayo. Siku hizi naiona hata nikifumba macho."

Hedhi yake ilikoma akiwa na miaka arobaini na minane. Joto la ghafla alilivumilia. Msimu wa baridi, anasema, wenzake walimwonea hata wivu. Kilichomshinda ni ukavu wa ukeni. Kwanza ulikuwa mwasho mdogo, baadaye ukawa maumivu akikaa muda mrefu kwenye kiti cha mbao, mwisho ukawa maumivu akiwa na mume wake.

Mume wake, Lebamang, alifanya kazi kwenye migodi ya dhahabu ng'ambo ya mto, Afrika Kusini, kwa miaka ishirini na mbili. Alirudi nyumbani na kifua kibovu na matumaini kwamba sasa atakaa na mkewe. Alimkuta mke anayegeukia ukutani.

"Nilimwambia, basi sema tu umenichoka," Lebamang anakumbuka, akiwa ameketi mlangoni mwa nyumba yao ya vyumba viwili, kofia magotini. "Akanyamaza. Sisi wanaume wa mgodini tukinyamaziwa tunajua dari linataka kushuka."

'Malikeleli hakuwa na maneno ya kumwambia. Katika Kisotho maneno yapo, anasema, lakini si ya mke kumwambia mume.

Kisha yakaja maambukizi ya njia ya mkojo. Mara nne katika mwaka mmoja. Kila mara zahanati ilimpa vidonge vya siku tano, akapona, akaugua tena. Mara ya nne muuguzi akampa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na huko daktari mgeni, mwanamke mwenye haraka, akamwandikia krimu ya homoni ya kike, estrojeni, ya kupaka ndani ya uke.

Maelezo yalichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Kila jioni kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Itaondoa ukavu, na maambukizi yatapungua. Nje kulikuwa na foleni mpaka kwenye ngazi. Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa ya Kiingereza, herufi za kimo cha sisimizi.

"Nilitoka pale nimefurahi," anasema. "Nilinunua hata machungwa. Nilijiambia, sasa nitalala kama mtu."

Siku ya tatu alianza kuchomeka. Si palipopakwa tu. Mkojo wenyewe ulimchoma ukitoka. Siku ya tano alikuwa akienda choo kila nusu saa, na akifika anatoa matone. Haja haikuja kwa kubisha hodi. Ilimshika ghafla, akiwa dukani, akiwa kanisani, akiwa ameinama kuwasha jiko, na pale pale ilitaka kutoka.

Hakumwuliza mtu. Hospitali ni mbali, na siku moja ya kukosa kazi inakatwa kwenye mshahara wa maloti elfu mbili na mia saba kwa mwezi. Zaidi ya hapo, alikuwa na hesabu yake mwenyewe kichwani: dawa aliyopewa ni ya uke, shida aliyonayo ni ya kibofu, basi haviwezi kuhusiana. Alidhani amepata ugonjwa mpya. Akaendelea kupaka.

Na akaacha kunywa maji. Aliacha chai ya asubuhi, akaacha maji ya mchana, akawa anakula papa yake, ugali wa mahindi, na mboga bila kushushia na kitu mpaka atoke kazini. Mkojo ukawa wa njano iliyoiva, na ukachoma zaidi.

Siku ya tisa ilikuwa Alhamisi. Laini namba kumi na nne ilikuwa nyuma kwa mafungu matano na msimamizi, mwanamke anayeitwa 'Mapontšo, alikuwa akitembea kati ya mashine akipiga makofi. Saa nne na robo 'Malikeleli alihisi haja. Akatazama msumari. Kadi haikuwapo.

Alibana miguu akashona. Alishona mfuko mmoja, wa pili, wa tatu. Akainua mkono.

"'M'e 'Mapontšo, naomba niende."

"Kadi ipo?"

"Haipo. Lakini siwezi kungoja."

"Wote mna vibofu, 'm'e. Ngoja kadi."

Aliyekuwa na kadi alichelewa. 'Malikeleli anasema alihesabu mifuko kumi na mmoja. Alipoufikia wa kumi na mbili, mwili uliamua bila yeye.

"Joto kwanza," anasema, na anaisema polepole. "Mguu wote. Halafu ikawa baridi. Sikuacha kukanyaga mashine. Niliogopa nikiacha watu watageuka."

Suruali alizokuwa amezilaza mapajani zililowa. Fungu lililokuwa sakafuni miguuni pake, suruali ishirini zilizofungwa kwa kamba, nalo lililowa. Jinzi ni nguo nyeusi, haionyeshi haraka, lakini harufu haina rangi ya kujifichia. 'Mapontšo alikuwa mashine tatu nyuma yake, anakuja.

Kulia kwake alikuwa akikaa Nthatisi Mokhele, mwenye miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika. Walikuwa wamekaa bega kwa bega miaka sita na hawakuwa marafiki hasa. Nthatisi ni mtu wa kelele, 'Malikeleli ni mtu wa kanisa.

Nthatisi alichukua kopo la lita mbili la uji wake wa mtama uliochachuliwa, chakula chake cha mchana, akafungua kifuniko, akaumwaga wote. Uliangukia mapaja ya 'Malikeleli, kiti, fungu la suruali, sakafu.

"Aaa, mikono yangu imelaaniwa!" alipiga kelele. "'M'e, nisamehe jamani! Nimekuharibia!"

Kuleta chakula kwenye laini ni kosa. Kuharibu mali ni kosa kubwa zaidi. 'Mapontšo alimfokea mbele ya wote, akamwita mvivu, akamwita ng'ombe. Nthatisi alisimama ameinamisha kichwa. 'Malikeleli alitumwa akajisafishe. Alitoka akinuka uji mchachu, na hakuna aliyenusa kingine.

Chooni alijifungia, akakaa. "Nilimshukuru Mungu," anasema. "Sikumfikiria Nthatisi hata kidogo. Nilimshukuru Mungu kwamba hawajajua."

Hakujua kwamba Nthatisi tayari alikuwa na maonyo mawili ya maandishi, yote ya kuchelewa. La tatu ni la mwisho. Jumatatu iliyofuata kiti cha kulia kilikuwa na mtu mwingine.

'Malikeleli alikaa kimya. Anasema alipanga kwenda ofisini siku ileile, kisha kesho yake, kisha mwisho wa wiki. Kila akifika kwenye mlango alijiona amesimama mbele ya kijana wa ofisi ya wafanyakazi, wa umri wa mtoto wake, akimwambia, ulikuwa mkojo wangu. Akageuka.

Krimu aliitupa kwenye shimo la choo, na wiki mbili baadaye kuchomeka kulipungua. Lakini maji bado hakunywa, maana sasa hofu ilikuwa imeshaingia. Ukavu ulirudi. Maambukizi yalirudi, na safari hii yalipanda mpaka kwenye figo. Mwezi wa Aprili Lebamang alimkuta amelala sakafuni jikoni, anatetemeka, mwili ni moto. Aliazima gari la jirani.

Alilazwa siku sita. Ilikuwa huko wodini ndipo mtu alipokaa kwenye kiti kando ya kitanda chake, akamwuliza, na akangoja jibu. Ni muuguzi wa zamu ya mchana, 'Mantai Tšehlo, mwenye miaka mingi katika kazi hiyo.

"Aliniambia alitupa dawa chooni, nikamwuliza kwa nini," anasema muuguzi huyo. "Akalia. Nikajua hii siyo habari ya dawa peke yake."

'Mantai anaeleza kwa mikono, viganja viwili vikiwa vimegusana. Ngozi ya uke na ngozi ya mrija wa mkojo ni majirani, anasema, na zote zinalishwa na homoni moja. Homoni ikipungua, zote zinakonda. Ndiyo maana dawa ile ya kupaka kwa wanawake wengi hukisaidia kibofu, na maambukizi hupungua.

"Lakini wapo ambao mwanzoni inawachoma," anasema. "Ngozi imekonda, dawa inaipiga, kibofu kinakasirika, mtu anakimbia choo kutwa nzima. Mara nyingi inatulia baada ya wiki chache. Isipotulia tunabadilisha aina au tunapunguza kipimo. Na kwanza tungepima mkojo, maana huenda hayakuwa ya dawa, huenda ni maambukizi mapya yaliyoingia palepale. Sasa hatutajua. Hakurudi, na hakuna aliyemwambia arudi."

Na maji?

"Hapo ndipo alipojiumiza zaidi. Mkojo mzito unachoma kibofu kama pilipili. Lakini mimi nitamlaumu vipi? Anaogopa kadi."

Lebamang alikuwapo siku muuguzi alipoeleza. Muuguzi alitaka kumtoa nje, yeye akaomba abaki. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, kisha akamwuliza mkewe swali moja tu.

"Kumbe ilikuwa inauma?"

"Ilikuwa inauma."

"Miaka yote miwili?"

"Yote."

"Na mimi nilikuwa nakununia," akasema. Akatoka nje akakohoa kwa muda mrefu. 'Malikeleli anasema hakuwa na uhakika kama ni kifua.

Tangu Mei anatumia dawa ileile ya homoni, lakini sasa ni vidonge vidogo vya kuingiza ukeni, mara mbili kwa wiki. Wiki ya kwanza alichomeka tena, akataka kutupa. Muuguzi alikuwa amemwonya, akavumilia, na akaanza tena kunywa maji, kwa kipimo cha mstari kwenye chupa. Sasa kuchomeka kumepungua, hakujaisha. Zamani alikwenda choo mara kumi na moja kwa zamu moja, akiweza kupata kadi. Sasa ni mara nne. Mwezi uliopita vidonge havikuwapo hospitalini, akakaa wiki tatu bila, na mwili ukamkumbusha.

Anavaa pedi kila siku. Hajawahi kujilowesha tena, lakini hajaacha kuogopa. Kibofu, anasema, ni kama mbwa aliyewahi kukung'ata: hata akilala unampita kwa mbali.

Wiki ya pili baada ya kurudi kazini alikwenda ofisini. Alimweleza yule kijana wa ofisi kila kitu, akiwa amesimama, akiitazama kalamu yake badala ya uso.

"Aliona haya kuliko mimi," anasema. "Akaanza kupanga makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa."

Majibu yalikuja kwa barua baada ya siku tisa. Onyo la tatu la Nthatisi limefutwa kwenye jalada. Nafasi yake imeshajazwa; jina lake litawekwa kwenye orodha ya kungojea. Na 'Malikeleli Phakoe anapewa onyo la kwanza kwa kuficha ukweli.

Jumamosi alichukua barua hiyo akapanda gari mpaka kijijini kwao Nthatisi, ng'ambo ya mto Hlotse. Alimkuta anafua nguo za watu uani, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya baridi. Nthatisi hakuinuka.

"Karibu, 'm'e. Leo umekuja na uji wangu?"

'Malikeleli alijaribu kucheka, akashindwa. Akampa barua. Nthatisi aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya kipande cha sabuni isipeperuke.

"Miezi mitano, 'm'e," akasema. "Mtoto wangu mkubwa ameacha shule muhula huu."

"Najua. Nimesikia."

"Ulipita dirisha la ofisi kila siku."

"Kila siku."

'Malikeleli anasema alitaka kutukanwa, ingekuwa nafuu. Badala yake Nthatisi alisogeza beseni, akampa nusu ya nguo.

"Basi suuza," akasema. "Mimi mgongo umekufa."

Walisuuza mpaka mchana. Wakiwa katikati, 'Malikeleli alimwuliza swali alilokuja nalo. Kwa nini alifanya vile, wakati hata hawakuwa wakisalimiana vizuri?

"Sikufikiri," Nthatisi alimjibu. "Niliangalia upande wako nikaona machozi yanakudondoka juu ya mfuko na wewe unashona tu. Mama yangu alikuwa analia hivyohivyo. Ningefikiri, 'm'e, nisingemwaga. Nina watoto."

Hakusema amemsamehe. 'Malikeleli hakuuliza.

Katika laini namba kumi na nne kadi bado ni moja. Wanawake wameanza kunong'ona naye, mmojammoja, kwenye foleni ya maji, wakitazama pembeni. Mmoja ana miaka arobaini na saba, ameandikiwa krimu hiyohiyo, amesikia kuchomeka siku ya pili. "Rudi hospitali leo, usingoje Jumatatu," 'Malikeleli alimwambia. "Na usiache maji." Yule alikwenda. Wawili wengine walisema watakwenda, hawajakwenda.

Wiki iliyopita alipeleka barua nyingine ofisini, ameiandika kwa mkono, ukurasa mmoja. Anaomba ahamishiwe meza ya kukata nyuzi, mwisho wa jengo, ambako hakuna laini wala kadi, na mlango wa choo uko hatua nane. Amezihesabu. Ni kazi ya wanaoanza au wanaomaliza, na mshahara wake utapungua kwa karibu robo. Lebamang amekubali. Watauza mbuzi wawili na watakula papa na mboga kama walivyokula walipokuwa wapya katika ndoa.

Chini ya ombi hilo ameongeza mistari mitatu. Mashine yake ikibaki wazi, anaomba apewe Nthatisi Mokhele, aliye juu kwenye orodha ya kungojea, ambaye anaujua mfuko wa kulia kwa kuuangalia miaka sita. Yule kijana wa ofisi aliisoma mbele yake, akasema atajibiwa mwisho wa mwezi. Hakuahidi kitu.

"Wakikataa nitaandika tena," anasema 'Malikeleli. "Wakikubali, nitamngoja Nthatisi getini siku ya kwanza. Ile mashine ina tabia yake. Ukiikanyaga kwa hasira inakata uzi, na sindano yake inapenda kuhama kushoto. Hakuna aliyeandika hayo popote. Lazima nimwambie mwenyewe."